Naombeni nyimbo za Miku na wenzake, Jumamosi inakaribia

Baridi_Kali
Wakuu habari za humu. Niko Sapporo kimasomo. Naomba mnitajie nyimbo za Kijapani za wale waimbaji wa kompyuta, Hatsune Miku na wenzake, zile ambazo mtu anayezijua kweli angezitaja. Zisizidi tano. Huku kila majira ya baridi tramu nzima inachorwa huyo binti, lakini nikiingia mtandaoni nakuta nyimbo maelfu, sijui nishike ipi niache ipi. Nazihitaji kabla ya Jumamosi. Kejeli sitaki.

Kiroboto wa Kariakoo
Sisi tunabanana kwenye daladala, mwenzetu kavuka bahari kwenda kusoma katuni. Haya bwana.

Mwalimu Songombingo
Anza na "Melt" ya ryo, Desemba 2007. Miku alikuwa katoka Agosti ya mwaka huo, na kampuni iliyomtoa, Crypton, iko hapo hapo ulipo. Mwanzoni watu walikuwa wanamchezea tu, mara wanamwimbisha polka ya Kifini huku kashika kitunguu cha majani. "Melt" ikawanyamazisha. Binti yuko na kijana chini ya mwavuli mmoja, mvua inanyesha, moyo unamyeyuka, basi. Halafu "Rolling Girl" ya wowaka na "Matryoshka" ya Hachi, zote 2010. Hachi ndiye huyu mwimbaji maarufu Kenshi Yonezu wa leo. Kati ya wenzake Miku, kwa Rin chukua "Roshin Yukai", kwa Luka "Double Lariat". Sasa na mimi nikuulize: Jumamosi kuna nini?

Mama Twins
Wanangu, mashine haina roho. Sauti anatoa Mungu. Kwaya yetu ina vijana wanaoimba bila hata kipaza sauti, hakuna anayewauliza.

Mwalimu Songombingo
Mama, sauti ni ya mtu. Mwigizaji anaitwa Fujita Saki, walimrekodi vipande vipande, programu ya Yamaha ikawa inaviunga kufuata noti na maneno unayoiandikia. Rin na Len, msichana na mvulana, wote sauti ya mwanamke mmoja, Shimoda Asami. Roho analeta mtunzi.

Fundi Vitz
Mnanikumbusha gari yangu. Niliagiza Vitz, ikaja na redio ya Kijapani, masafa yanaishia 90, stesheni karibu zote za hapa hazishiki. Ndani imeng'ang'ania CD, haitoki. Kwa hiyo chaguo ni CD au kimya. Sauti kama panya kabanwa na mlango! Abiria walinisema sana. Sasa siku fundi kaja kuing'oa redio, mwanangu wa darasa la nne akaangua kilio, kumbe keshaishika CD yote kichwani. Kuna pahala wanasema po pi po, po pi po, wee mpaka uchoke.

Mwalimu Songombingo
Hiyo ni "Po Pi Po" ya 2008. Wanasifia juisi ya mboga.

Fundi Vitz
Ya mboga?? Na mwanangu mchicha hagusi.

Baridi_Kali
Asante Mwalimu. Jumamosi ni karaoke tu na wenzangu wa maabara. Mmoja tayari ninao, "Just Be Friends" wa Luka, nimeukariri mwanzo mwisho. Hizo nyingine za kujazia.

Binti Chumbageni
Mtu akariri Kijapani cha wimbo mzima kwa ajili ya watu wa maabara? Kaka, humo chumbani atakuwemo nani? Sema tukusaidie.

Baridi_Kali
Haya. Kuna binti. Na baba yake, ndiye kaalika. Na mama. Na bibi. Kwenye tamasha la theluji walinikuta nimeduwaa mbele ya sanamu ya Miku, mzee akauliza kama nampenda, nikajibu tangu kidato cha pili. Ningesemaje? Lakini wimbo wangu hauna shida. Kwanza urafiki, mengine baadaye. Nimeona ni heshima.

Mwalimu Songombingo
Heshima gani! Huo ni wimbo wa 2009 wa Dixie Flatline, watu wanavunja mapenzi yao. Unataka kumuacha mwanamke mbele ya babake na hujampata bado. Imba "Senbonzakura" ya Kurousa-P, 2011. Hata bibi anaijua, maana Kobayashi Sachiko, mwimbaji wa enka, nyimbo za kizamani za Kijapani, wa rika lao, aliipiga kwenye Kohaku, onyesho kubwa la muziki la televisheni ya NHK, Desemba 31, 2015. Na "Hatsune Miku no Shoshitsu" usiiguse hata wakikupigia makofi. Mapigo 240 kwa dakika, katungiwa mtu asiyevuta pumzi.

Baridi_Kali
Senbonzakura ina maneno mazito, kwa muda huu siyawezi. Luka sauti yake ya chini inanikaa. Na karaoke nani anasikiliza maneno?

Binti Chumbageni
Wao. Ni lugha yao.

Jicho la Tatu
Msihangaike, hii ni chai. Mwezi uliopita ID hii hii ilikuwa inauliza bei ya mabati Mwanza, "nimesimama dukani sasa hivi". Leo bibi wa Kijapani.

Kiroboto wa Kariakoo
Ina tangawizi kabisa.

Baridi_Kali
Dukani alikuwepo mdogo wangu, mimi nilikuwa naye kwenye simu. Namjengea mama.

Jicho la Tatu
Weka picha ya hiyo tramu basi, ukapige sasa hivi.

Baridi_Kali
Si nimesema ni ya majira ya baridi. Imeshaondolewa.

Jicho la Tatu
Nilijua.

Fundi Vitz
Mkuu, mabati ulichukua geji gani? Mimi nililipia 28, kuja kupima ni 30. Upepo wa ziwa ukaondoka na shiti nzima.

Mama Twins
Uende na kipimo chako, mwanangu. Hao ndio walivyo.

Binti Chumbageni
Chai isiwe chai, mie hapa Muscat zamu ya usiku nimeiweka "Rolling Girl" na sijaitoa. Huyo wowaka bado anatoa nyimbo?

Mwalimu Songombingo
Alifariki Aprili 2019, dada, ana miaka 31. Tafuta "Unknown Mother-Goose" ya 2017. Alikuwa ameenda kuimba na bendi yake, Hitorie, miaka kadhaa, ndiyo akamrudia Miku kwa hiyo. Isikilize ukiwa umetulia.

Baridi_Kali
Mmehama mada wakuu. Nikianza na huo wa kuachana, kisha nikafunga na "Melt", si itaonekana kama wamepatana?

Fundi Vitz
Imba ya juisi. Halafu geji hujajibu.