Eti kura zetu za California zilikuwa "kelele"!

Wanajamvi, salaam. Ninayemzungumzia mnamfahamu nyote, hivyo sitamtaja. Ni yule bingwa wetu wa siasa za Marekani ambaye akishika kipaza sauti hata mwenye shughuli hapati nafasi ya kuwashukuru wageni wake. Jana usiku, mbele ya wazee na watoto, nilimkumbusha kwamba mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura zaidi ya milioni 2.8 na bado akaukosa urais. Akanitazama, akatabasamu, akasema: "Hizo zilikuwa kelele za California."

Kelele! Mimi ni raia na mpiga kura wa California. Mwaka ule, mbali na wagombea, tulikuwa na maswali 17 ya kura ya maoni ya jimbo. Nilikaa mezani na kalamu nikayasoma moja baada ya jingine, nikatia saini bahasha, nikahakikisha saini inafanana na ile waliyonayo. Leo mtu aliyeshika sahani ya pilau ananiambia kwamba nilikuwa napiga kelele, na ukumbi mzima ukacheka!

Hoja yake, kama ni hoja, ni kwamba ukiiondoa California, Trump anaongoza. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini iondolewe kwa sababu gani? Rais huchaguliwa na wajumbe wa majimbo, si kwa jumla ya kura za wananchi, na Trump aliupata urais kwa kushinda majimbo ya Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa tofauti ambayo ukiijumlisha haifiki kura 80,000. Wapiga kura wa huko hawakuitwa kelele. Wyoming, yenye watu wasiofika laki sita, ina wajumbe watatu. Sisi tunaokaribia milioni 40 tuna 54, yaani mjumbe mmoja wa kwetu anabeba watu karibu mara nne ya wale wa mjumbe wa Wyoming. Halafu mwenye kelele ni mimi.

Kalamu Nyekundu: Pole mkuu, ila kanuni ya wajumbe 538, na kwamba mshindi anahitaji 270, ilijulikana kabla ya kampeni kuanza. Mwaka 2024 Trump aliongoza kwa wajumbe na kwa kura za wananchi pia, lakini sikuona ukifungua uzi. Nadhani kinachokuuma ni kile kicheko cha ukumbini.

Mleta uzi: Ndiyo, kinaniuma. Na uonevu huu haukuanza na Clinton. Mwaka 2000 Al Gore, wa Democratic kama Clinton, aliongoza kwa kura zaidi ya laki tano nchi nzima, akashindwa kwa kura 537 za Florida. Je, waliompigia Gore nao walikuwa kelele?

Shuwari: Ndugu, wanaoumia si wafuasi wa chama chako peke yao. Mwaka 2020 Trump alipata kura zaidi ya milioni 6 hapo hapo California, nyingi kuliko alizopata Texas, na hazikumpa mjumbe hata mmoja, kwa kuwa anayeongoza jimboni huchukua wote. Mume wangu ni mmoja wa wapiga kura hao. Kila uchaguzi anapanga foleni akijua matokeo ya jimbo, na hakuna aliyewahi kumfungulia uzi.

Mto Ruvu: Nyote mna pa kulalamikia. Watu wa Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani lakini si jimbo, ni raia wa Marekani, wanazidi milioni 3, lakini wakiwa kwao hawana kura ya rais kabisa. Jirani yangu aliipata siku alipohamia Florida. Uzi huu ulipaswa kuwa wake.

Mleta uzi: Naheshimu hayo yote, lakini naomba turudi kwenye neno "kelele".

Kalamu Nyekundu: Hilo limeshapita, mkuu. Shuwari, mumeo angekuwa Maine au Nebraska angalau angepata nafuu, kwa sababu kule baadhi ya wajumbe hugawanywa kwa wilaya za uchaguzi za Bunge.

Shuwari: Nafuu gani, wakati wanasiasa ndio wanaochora mipaka ya wilaya hizo?

Mto Ruvu: Kenya wanahesabu kura za nchi nzima: mshindi lazima avuke nusu, na pia apate angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Huko hakuna kaunti inayomeza kura za walioshindwa ndani yake.

Shuwari: Usinianzishie ya Kenya, Mto Ruvu. Kaka yangu yuko Marsabit, na malalamiko yake kuhusu kujumlisha kura yanahitaji uzi mwingine mzima.