Rubani wa bosi anakunywa hadi usiku wa manane, asubuhi tunavuka milima naye. Nifanyeje?

Mama Nai: Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi Arusha, ofisi ya kambi za watalii. Bosi ana ndege yake ya injini moja, viti sita, na rubani ni swahiba wake. Kila mwisho wa mwezi mimi na storekipa tunapelekwa Serengeti kuhesabu mali. Rubani anakaa baa na bosi hadi saa nane usiku, saa moja asubuhi tuko uwanja wa ndege wa Kisongo tunaruka. Safari iliyopita alikuwa ananuka, na kabla ya kupanda alizimua na bia moja garini. Hayumbi, anatua vizuri tu. Nikimwambia bosi anacheka: "Huyo hata akisinzia, ndege inajua njia." Ijumaa tunakwenda tena. Mume wangu anasema nisichezee kazi. Nishaurini.

Chalii wa Kijenge: Inajua njia? Kwani ni punda?

Kapteni Mstaafu: Dada, usipande. Marekani sheria inataka saa 8 tangu kinywaji cha mwisho, na pombe kwenye damu isifike 0.04%. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, wenyewe wanashauri saa 24. Mwili unapunguza kama 0.015% kwa saa; kahawa na maji ya baridi haviongezi kasi. Aliyelala na 0.15% saa nane, saa moja asubuhi bado ana kama 0.075%, hapo bia ya kuzimua hujaihesabu. Hata ikiisha damuni, sikio la ndani linachelewa kutulia, kwa hiyo ndani ya wingu anaweza kuhisi ndege inageuka kumbe imenyooka.

Sasa fikiria njia yenu. Mbele kuna milima ya Ngorongoro, Loolmalasin inapita mita 3,600, na mawingu ya asubuhi yanapenda kukaa pale. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) huko juu imeshapoteza nguvu nyingi. Uamuzi wa kurudi unafanywa kabla hujaingia bondeni, wakati nafasi ya kugeuza bado ipo, na pombe inaanza kuharibu uamuzi kabla haijaharibu mikono. Ndiyo maana anatua vizuri. Tarehe 15 Novemba 2017 ndege ndogo aina ya Caravan ilianguka karibu na kreta ya Empakaai, hapo hapo Ngorongoro, watu 11 wakafa. Septemba 1, 1999 ndege ndogo ya aina nyingine iligonga Mlima Meru, wakafa 12. Sisemi marubani wale walilewa, hapana. Nasema milima ile ni migumu hata kwa mzima.

Mfamasia Sakina: Muulize pia kuhusu dawa za mafua. Utafiti wa 2014 wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, kwa marubani waliokufa ajalini Marekani ulikuta dawa inayoweza kulevya iliyoongoza ni diphenhydramine, ya mzio na usingizi, ya kawaida kabisa. FAA inataka rubani asubiri saa 60 baada ya kuimeza. Piritoni nayo inasinzisha, na ikikutana na pombe ndiyo balaa.

Mzee wa Busara: Mnamtisha mtoto wa watu. Marubani wa porini wa zamani wote walikuwa wanakunywa. Chunga ugali wako, mama.

Kapteni Mstaafu: Mzee, shikamoo. Nimewajua hao. Unaowasikia wakisimulia ni waliobaki.

Wakili Njiro: Andika ujumbe mfupi kwa bosi: unaomba kwenda kwa gari kwa sababu za usalama. Usimwite mtu mlevi kwenye maandishi. Mumeo naye asome masharti ya bima, kwani nyingi zina sharti kuhusu rubani, na pombe ikionekana familia itazungushwa. Uchunguzi wa ajali chini ya Kiambatisho cha 13 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kazi yake ni kuzuia ajali nyingine. Msitegemee ripoti ile iwadaie fidia.

Mama Nai: Asanteni. Nimeongea na storekipa, kumbe naye alikuwa anaogopa kusema. Tumeandika pamoja, tunaomba Landkruza, tupite Karatu. Bosi amesoma, hajajibu. Je, nikiripoti TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, niandike nini?

Kapteni Mstaafu: Namba ya usajili iliyo ubavuni, inaanza na 5H. Tarehe, saa ya kuruka, na ulichokiona kwa macho yako: bia, saa ngapi, wapi. Maoni weka pembeni. Na peleka kabla ya Ijumaa, maana ninyi mkienda kwa gari, viti vile atakalia mtu mwingine.