Las Vegas 2023: Mfuniko wa waandaaji, hasara ya watazamaji na Sainz

Wanajamvi,

Nafungua uzi huu kwa sababu kila Novemba inapokaribia, matangazo ya mbio za usiku za magari ya Formula 1 za Las Vegas hurudi na mataa yake yote, na kila mara nasoma watu wakilitaja lile tukio la mfuniko uliolegea la mwaka 2023 kama bahati mbaya iliyokwisha. Kwangu halijakwisha, kwa sababu waliolipia kosa lile ni watu ambao hawakuwa na mkono wowote ndani yake.

Kwa wasiokumbuka, Alhamisi ya tarehe 16 Novemba 2023 mazoezi ya kwanza yalianza saa 2:30 usiku, katika mzunguko wa kilomita 6.2 unaopita katikati ya mahoteli na makasino. Hayakufika hata dakika 10. Carlos Sainz wa Ferrari, akiwa katika mwendo mkali kwenye ile sehemu ndefu iliyonyooka, aligonga mfuniko wa valvu ya maji uliolegea baada ya zege lililoushikilia kuachia. Magari haya hukimbia sentimita chache tu juu ya lami, na yameundwa ili hewa inayopita chini yake iyavute kuelekea barabarani. Chuma kilicholegea hapo kitaishia tumboni mwa gari. Chesisi (kiunzi cha gari), injini na betri ya Sainz viliharibika. Gari la Esteban Ocon wa Alpine nalo liliharibiwa, ikabidi abadilishiwe chesisi.

Ukaguzi wa mifuniko ukaanza usiku ule ule, na mazoezi ya pili, yaliyopangwa kuanza saa 6 usiku, yakasogezwa hadi saa 8:30. Watazamaji wakakaa majukwaani katika baridi ya jangwa, wakiitazama lami tupu, wakiamini kwamba subira yao ingelipwa. Ilipofika saa 7:30 wakaamriwa kuondoka. Walielezwa kwamba walinzi walikuwa kazini kwa muda mrefu na muda halali wa kazi wa madereva wa mabasi ulikuwa unakwisha, jambo ambalo mwandaaji makini hulipangia zamu ya pili mapema, hasa anapoandaa shughuli ya usiku wa manane. Saa moja baadaye injini zikawashwa mbele ya viti vitupu na magari yakakimbia kwa dakika 90, hadi saa 10 alfajiri. Sisi wa Afrika Mashariki, ambako ilikuwa mchana wa Ijumaa, tuliyaona mazoezi hayo vizuri zaidi kwenye runinga kuliko mtu aliyekata tiketi na kusafiri hadi Nevada, jimbo lilipo jiji la Las Vegas.

Fidia ikawa nini? Walionunua tiketi ya Alhamisi peke yake walipewa vocha ya dola 200 ya kutumia katika duka la mbio hizo hizo, yaani wakanunue kofia na fulana kwa mtu yule yule aliyewatoa uwanjani. Wenye tiketi za siku tatu hawakuingizwa kabisa katika mpango huo. Taarifa iliyotolewa na Renee Wilm, aliyekuwa mkuu wa mbio za Las Vegas wakati huo, pamoja na Stefano Domenicali, mkuu wa Formula 1, haikuwa na neno la kuomba radhi. Ilitukumbusha tu kwamba hata matamasha na michezo mingine huwahi kufutwa. Kesi ya watazamaji ilifunguliwa mahakamani Nevada siku iliyofuata, na sioni nani angewalaumu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hapa hakuna wa kusukumiwa lawama. Katika miji mingi Formula 1 hupokea ada kutoka kwa mwandaaji wa mahali husika, lakini Las Vegas mwandaaji ni Formula 1 yenyewe, chini ya mmiliki wake Liberty Media, iliyonunua kiwanja huko kwa dola milioni 240. Aliyeuza tiketi ndiye mwenye mchezo, na ndiye aliyepaswa kuhakikisha barabara iko salama. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa wa kwao walikula peke yao.

Tazameni yaliyomkuta Sainz. Betri mpya ilizidi idadi inayoruhusiwa kwa msimu, akashushwa nafasi 10 katika mpangilio wa kuanza mbio. Ferrari waliomba asamehewe, na waamuzi wakaandika bayana kwamba wangemsamehe kama kanuni zingewapa mamlaka hayo. Akashika nafasi ya pili katika kufuzu, yaani mchujo unaopanga nafasi za kuanzia, akaanzia ya 12, akamaliza wa sita. Msimu ulipokwisha, Ferrari walikuwa nyuma ya Mercedes kwa pointi 3 tu katika ubingwa wa timu.

Msiniambie kwamba hakuna aliyeweza kutarajia. Dereva Jenson Button aligonga mfuniko Monaco mwaka 2016, na mwenzake George Russell akaharibiwa gari kwa namna hiyo hiyo Baku mwaka 2019. Hatari ya mifuniko katika barabara za mjini inajulikana miaka yote. Na mwaka 2025, huko huko Las Vegas, mazoezi ya pili yalisimamishwa tena kwa sababu ya mfuniko uliolegea.

Najua wapo watakaojibu kwamba mbio zenyewe za Jumamosi zilikuwa tamu, kwamba madereva Verstappen na Leclerc walipigana kiume. Ni kweli, nami nilizifurahia. Lakini aliyekuwa na tiketi ya Alhamisi hakununua Jumamosi.

Ninachodai ni mambo mawili, na ningependa wanaofuatilia kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, waseme yanawezekana vipi. Kwanza, kila tiketi ya siku ioneshe dakika za chini ambazo magari lazima yawe barabarani, na zisipofikiwa fedha zirudishwe taslimu, siyo vocha. Pili, waamuzi wapewe mamlaka ya kumwondolea dereva adhabu pale uharibifu unapotokana na barabara yenyewe, na gharama ya vifaa vya timu ibebwe na mwandaaji.