Tupeane uzoefu: vifaranga wa silki, wiki za mwanzo mlipoteza wangapi na sasa mnafanyaje?

Habari za humu wadau. Mi nafuga hawa silki, kuku wa manyoya, huku Mafinga. Mwezi wa sita mwaka jana mtetea wangu alitotoa 11, nikaogopa baridi nikamnyang'anya watoto nikawaweka kwenye boksi na balbu ya wati 60. Usiku umeme ukakatika mi nimelala. Asubuhi nafungua nawakuta wamejirundika kona moja kama fundo la pamba, nikiinua mmoja mmoja wa juu wazima, wa chini wameshakandamizwa wamekufa, 6. Nililia jamani. Siku hizi simgusi mtetea, silki analea haswa, anawafunika wote mpaka humwoni hata mmoja. Nikilazimika kutumia bruda, yaani boksi la kulelea vifaranga kwa joto, naizungushia kadibodi isiwe na kona, na usiku naweka chupa za maji ya moto nimezifunga kitambaa hata kama umeme upo. Wengine mlipatwa na nini?

Wa Mbagala:
Pole sana ndugu. Huku kwetu baridi hakuna, kinachoua ni unyevu. Manyoya ya silki hayamwagi maji kama ya kuku wengine, kifaranga akilowa kalowa mpaka kwenye ngozi na hakauki haraka, nilipoteza wawili kwa kisahani cha maji tu, waliingia wakatota. Nikajaza kokoto ndani ya kisahani, wanakunywa katikati ya mawe, tangu hapo hakuna aliyelowa. Halafu maranda, ukiyashika yakashikana mkononi toa yote usingoje kesho. Mi nilingoja, wiki ya nne wakaanza kuhara damu, nikawapa dawa ya amprolium kwenye maji siku tano, waliopona walipona.

Wa Arusha:
Mimi kosa langu kuwachanganya na kuroila, wale kuku chotara wakubwa, wa umri mmoja, nikaona wote vifaranga tu. Kuroila anakua mara mbili yake! Na silki, hasa wale wenye kinundu utosini, fuvu pale juu linakuwa na uwazi, ubongo uko karibu kabisa na ngozi, akidonolewa mara moja tu basi. Wangu alidonolewa mchana, jioni shingo imepinda kichwa kinaangalia juu, anatembea kinyumenyume. Nilimlisha kwa mkono wiki tatu, nampa vitamini E, akarudi sawa, ndo jogoo wangu sasa. Tenganisheni jamani.

Wa Nakuru:
Hapa kwangu ilikuwa Marek, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku. Vifaranga wamepita wiki zote vizuri, nimeshafurahi, kufika miezi mitatu mmoja analala mguu mmoja mbele mwingine nyuma, kesho yake mwingine. Daktari wa mifugo akapasua mmoja akanionyesha mishipa ya fahamu imevimba. Haina dawa hiyo, na silki wanaipata kirahisi sana. Chanjo inapigwa siku ya kwanza na kichupa ni cha dozi 1,000, nani ana vifaranga 1,000 wa silki? Sasa tumejiunga wafugaji watano, tunapangia mayai yaanguliwe siku moja, tunakutana kwangu tunachanja wote ndani ya saa moja maana ikishachanganywa haikai. Chanjo za magonjwa mengine, mdondo na gumboro, kila mtu anajifanyia kwake.

Wa Tanga:
Angalieni na nyuma, pale wanapotolea kinyesi. Manyoya yanaficha, kinyesi kinagandia kinaziba, kifaranga anakufa tumbo limejaa. Msivute mtachuna ngozi, loweka na pamba ya maji ya uvuguvugu mpaka kilegee, mkaushe, paka mafuta kidogo ya nazi. Kila asubuhi nawageuza wote, siku kumi za kwanza.

Wa Mafinga tena:
Nashukuru sana. Wa Arusha hebu nisaidie, nina mmoja tangu jana jioni ameanza kupinda shingo hivyo hivyo, hiyo vitamini E unampaje?

Wa Arusha:
Zile kapsuli za watu za duka la dawa, toboa kwa sindano udondoshee tone pembeni ya mdomo, usimmiminie kooni atapaliwa. Na yai la kuchemsha lililosagwa, mpe kidogokidogo huku umemshikilia kichwa kiwe wima. Ila mtoe kwa wenzake sasa hivi, usingoje asubuhi, watamdonoa.