Fundi saa wa Clerkenwell: nimtafute wapi kabla ya 1841?

Swali
Habari zenu. Babu mzaa babu wa mama yangu alikuwa fundi saa Clerkenwell, London. Sensa ya 1841 inamtaja, miaka 25. Nikapekua madaftari ya ubatizo ya 1815 na 1816, parokia baada ya parokia, miezi mitatu sasa. Hayumo. Tulichorithi ni saa yake ya mfukoni. Ndani ya kasha la fedha pana kichwa cha chui kisicho na taji, na herufi mbili zisizolingana na jina lake. Naanza kuogopa kwamba namhangaikia babu wa watu.

Jibu
Pole. Umri huo ndio uliokuponza. Makarani wa 1841 waliagizwa kushusha umri wa watu wazima hadi kwenye tano, kwa hiyo hata mwenye 29 aliandikwa 25. Rudi hadi 1811. Halafu mtafute kwenye sensa ya 1851, maana hiyo inataja parokia aliyozaliwa mtu. Na kama alioa baada ya Julai 1837, agiza cheti cha ndoa leo hii: kina jina la baba yake na kazi yake.

Jibu
Mimi natengeneza saa kuukuu. Herufi hizo mbili ni za mtengenezaji wa kasha, mtu mwingine kabisa. Clerkenwell saa moja ilipita mikono mingi, huyu springi, huyu mishale, huyu kasha. Hata jina la usoni mara nyingi ni la mwenye duka. Kichwa cha chui ni muhuri wa London wa kuthibitisha ubora wa fedha; chui huyo alivuliwa taji 1821, basi kasha si la kabla ya hapo. Tafuta herufi moja iliyo peke yake ndani ya ngao, hiyo ndiyo ya mwaka. Kagua pia kifuniko kwa lenzi: mafundi waliosafisha saa walikuwa wakikwaruza humo jina na tarehe.

Muulizaji
Nimempata 1851! Miaka 39, mzaliwa wa St Luke, parokia iliyo pua na mdomo na Clerkenwell. Kazi: mtoboa vito vya saa, vile vijiwe vigumu ambamo ncha za ekseli za magurudumu ya saa huzungukia. Nimefungua saa nikavitazama vito vyake kimoja kimoja, mikono ikitetemeka. Cheti cha ndoa nimeshaagiza.

Jibu
Hongera! Cheti kikionyesha baba naye alikuwa fundi saa, mtafute huyo baba kwenye vitabu vya kodi ya uanagenzi, 1710 hadi 1811; kodi hiyo ilitozwa juu ya ada aliyolipwa fundi kwa kumfunza mwanagenzi. Ila aliyefunzwa na babake bila ada humkuti humo.