Mjadala: Mtoto akose tiba kwa sababu mzazi hajalipa SHA?

MFANYABIASHARA WA KIBUYE, mwenye mada

Nimeingizwa tena kwenye kikundi cha WhatsApp cha kuchangia matibabu. Mtoto wa jirani, darasa la kwanza, amepatikana na saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya na ambayo sisi wa kando ya ziwa tunaijua sana. Mnajua vikundi hivi vinavyokwenda. Orodha ina namba, jina, kiasi, alama ya tiki. Siku ya kwanza majina yanashuka mbio, baadaye orodha inalala, mweka hazina anaandika "jamani tusichoke", mtu anajibu kwa emoji ya maombi. Mama anauza omena, baba ni mtu wa mjengo. Mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, hawakulipa.

Sasa hoja. Tangu Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya serikali ya zamani, asiye na mshahara huulizwa maswali ya kupima uwezo wake, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Asipolipa, na mtoto hana bima. Mimi nasema kila aliye chini ya miaka 18 atibiwe magonjwa mazito bila kuulizwa mzazi amelipa nini. Kama kuna deni, limfuate mzazi baadaye. Anayepinga alete hoja, matusi ayaache nyumbani.

MWAJIRIWA, MILIMANI

Napinga, na sioni haya. Kwa mshahara wa laki moja NHIF ilikuwa ikikata Sh1,700. SHA inachukua asilimia 2.75, hiyo ni Sh2,750, na hakuna kikomo cha juu. Mwenzangu asiye na mshahara anabadilisha simu, anapeleka jezi mpya uwanjani, bima anaikumbuka siku mtoto analazwa. Ukitangaza kwamba mtoto atatibiwa vyovyote vile, nani atahangaika kulipa tena? Bima huendeshwa na pesa za wazima. Wakibaki wagonjwa peke yao, mfuko umekwisha.

MFANYABIASHARA WA KIBUYE

Mtoto hajanunua simu, ndugu yangu. Na usijisifu kwamba unalipa, wewe unakatwa kabla pesa haijagusa akaunti yako. Ungepewa laki yako yote mkononi na kuachiwa hiari, ningependa kuona ungelipa mwezi gani.

BODABODA, KONDELE

Nilibonyeza *147# nikajisajili. Nikaulizwa ukuta wa nyumba ni wa nini, choo ni cha aina gani, tunapikia nini. Kiasi kilichotoka kilinishinda. Jirani mwenye vyumba vya kupangisha alipewa kidogo kuliko mimi, kwa sababu yeye mwenyewe bado analala kwa nyumba ya udongo. Halafu naambiwa kuna Lipa SHA Pole Pole. Huo ni mkopo! Pikipiki yenyewe ni ya mkopo, deni la Fuliza kwenye M-Pesa liko juu yangu, sasa na ugonjwa ambao haujafika niukopee?

MUUGUZI MSTAAFU, KISUMU

Wanangu, naomba niongee kama mtu aliyeyaona haya wodini.

Burkitt hukua kwa kasi ya kutisha, lakini pia ni katika saratani za watoto zinazosikia dawa vizuri. Anapewa saiklofosfamaidi na vinkristini kwenye mshipa, na nyingine huingizwa kwenye uti wa mgongo. Dozi ya kwanza tu, uvimbe unanywea ndani ya siku chache. Mtoto aliyekuwa hafungi mdomo anaomba uji, baadaye anaomba samaki. Na hapo ndipo shida inapoanza. Mzazi wa Mbita au Siaya ambaye anahesabu nauli na bili anamwona mwanawe anacheza na kusema amepona. Hawarudi kwa dozi ya pili. Wakirudi, uvimbe umeshajirudia, na safari hii mara nyingi dawa zile zile hazifanyi kitu.

Kwa hiyo unaposema mzazi mzembe aone cha moto, jua kwamba wengi wao si wazembe. Wamepiga hesabu vibaya kwa sababu mbele yao kulikuwa na bili na nyuma kulikuwa na watoto wengine nyumbani. Harambee nayo ina kasoro ambayo hatuisemi: hupata pesa mwenye watu. Mwenye mjomba Nairobi na picha nzuri ya mtoto anachangiwa. Nyanya anayelea mjukuu yatima na ana kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, nani atamfungulia kikundi?

MWANASHERIA MTARAJIWA, MASENO

Katiba ya 2010 imeshajibu. Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya huduma za afya, haisemi "ambaye mzazi wake amelipa". Ibara ya 43 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Tatizo ni kwamba saratani haihesabiwi kuwa dharura mpaka mtoto afikishwe akiwa hoi. Sheria ya 2023 ya bima ya afya ya jamii iliunda mfuko maalum wa dharura na magonjwa sugu, ila kwa magonjwa sugu mlango wake unafunguka baada ya kumaliza kiwango cha bima ya kawaida. Asiye na bima hafiki hata kwenye mlango huo. Na hata mwenye bima: SHA ilipoanza, kikomo cha saratani kilikuwa Sh550,000 kwa kaya nzima kwa mwaka. Kaya, si mgonjwa.

MWAJIRIWA, MILIMANI

Katiba haichapishi pesa. Na mnajifanya hamjui kwamba mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo kadhaa kwa madai ya udanganyifu, watu wanalazwa kwenye karatasi tu. Fungueni dirisha la "mtoto bure" muone watoto hewa watakavyozaliwa. Nitakubali kitu kimoja: orodha fupi ya magonjwa ya watoto yanayotibika, hospitali chache za rufaa kama Jaramogi na ile ya Moi pale Eldoret, basi. Isiwe kila zahanati inadai.

MUUGUZI MSTAAFU, KISUMU

Hospitali chache, nakubaliana nawe. Orodha ya "yanayotibika" hapana. Ukisema hivyo umeshamtoa mtoto wa selimundu, na huku kwetu ni wengi. Huyo kwa kawaida haponi, lakini akipata dawa ya haidroksiyurea na damu kwa wakati anaishi, anasoma, anazeeka. Nani atakaa mezani kumkata jina?

MFANYABIASHARA WA KIBUYE

Kabla hatujaendelea, mama, hii familia ifanye nini sasa hivi? Mweka hazina anataka tungoje pesa zitimie ndipo mtoto apelekwe.

MUUGUZI MSTAAFU, KISUMU

Msingoje hata siku moja! Pesa za kwanza za harambee zilipe mchango wa SHA wa mwaka. Mtoto aandikwe kama mtegemezi, waende na cheti cha kuzaliwa au ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Waulize dawati la SHA hospitalini bima inaanza kufanya kazi lini. Wamtafute pia afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, na waulize kwa chifu kama wanaweza kuingizwa kwenye orodha ya wasiojiweza wanaolipiwa na serikali. Kinachobaki kwenye harambee kiwe cha nauli, ili warudi kwa kila dozi. Nauli ndiyo huua, hakuna anayeichangia.

MWAJIRIWA, MILIMANI

Hapo mama umenisaidia. Wanalipa wakishaugua, hicho ndicho nilichosema tangu mwanzo.

MFANYABIASHARA WA KIBUYE

Ndiyo, na SHA itapokea. Kwa hiyo mfumo tayari unamtibu aliyechelewa kulipa, bora awe na watu wa kumchangia. Nipe sababu moja ya kumwacha nje mjukuu wa yule nyanya.