Tupeane uzoefu: ukienda mkutano wa taaluma unalala wapi bila kumaliza hela yote?

Habari zenu wadau. Mwaka huu nimewekwa kamati ya malazi ya mkutano wa manesi, utakuwa Arusha pale AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, na wanaoniumiza kichwa ni wenzetu wa vituo binafsi vijijini, hawana posho ya mtu, wanajilipia nauli mpaka chumba. Mimi yalinikuta. Kwa simu niliambiwa gesti elfu 25, nafika saa tatu usiku na begi mkononi naambiwa elfu 60 mama, kuna mkutano. Ningeenda wapi usiku ule? Nililipa, siku ya tatu nikapanda basi kurudi na mada niliyoifuata ilikuwa kesho yake. Iliniuma sana, sitaki imkute mwingine. Nyie mlifanyaje?

Mwalimu, Dodoma: Dada anzeni na tarehe. Huku ukiweka mkutano Aprili mpaka Juni umekwisha, bunge la bajeti linakaa na lodge zimejaa kuanzia Area C mpaka Makulu. Arusha ni kinyume, Julai na Agosti watalii kibao, ila masika mwezi wa nne hata mahoteli yenyewe yanashusha bei. Sisi tulisogeza mpaka Septemba, watu wakapata vyumba vya elfu 20 vizuri tu.

Mhasibu, Nakuru: Sisi mikutano mingi huwa Mombasa, hoteli za ufuoni, na ukilala humo humo ndio pesa inaisha. Tulikuwa wanne tukakodi nyumba ya vyumba viwili Bamburi, tukagawana, asubuhi mahamri na mbaazi hapo nje alafu matatu moja tumefika. Lakini usikodi ng'ambo ya Likoni ati juu ni bei rahisi, ile foleni ya feri asubuhi utakosa kikao cha kwanza kila siku. Na tafadhali kamati isifunge ada ya mkutano pamoja na chumba, hapo ndio wengi huumia, mtu awachiwe ajitafutie.

Fundi sanifu maabara, Moshi: Kulala wawili wawili ni kuzuri ila mjue gesti nyingi zina karatasi mapokezi hairuhusiwi watu wawili wa jinsia moja chumba kimoja. Mimi na mwenzangu tulirudishwa mlangoni hivyo hivyo, na vitambulisho vya kazi tumevaa shingoni. Kamati iandike barua mapema, yenye mhuri, mwenye gesti aijue. Mwaka uliofuata tulilala bweni la chuo wanafunzi wakiwa likizo, matroni akatupa funguo zimefungwa kwenye kipande cha mti, tukaambiwa tuje na shuka na neti, basi. Ndo mkutano pekee nimebaki na chenji.

Asanteni jamani, hilo la barua sikuliwaza kabisa. Jana nimezunguka Kijenge, pale mpaka AICC hata kwa mguu unafika, mama mmoja mwenye gesti kaniambia nikimpa advansi ya vyumba kumi ananiandikia bei na haipandi, nikaona kaandika kweli kwenye kitabu chake cha risiti mbele yangu. Naenda kwa mweka hazina leo. Mnaotoka vijijini niambieni, kulala wawili mnakubali au hapana? Nataka idadi kabla ya jioni.